Koti la Mkuu wa Kaya

Asubuhi Mshauri alipoondoka kwenda mjini kufanya kazi kwa dobi, aliliacha koti lake kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa koti la kahawia, zito, kola imelainika kwa jasho, na kifungo chake cha juu hakikufanana na vingine. Mkewe, Mama Pacha, alimwambia alichukue kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Mshauri akasema huko aendako kuna mashine za mvuke na sare ya bure, kwa hiyo koti litakuwa mzigo tu. Akawaaga mabinti zake, wale pacha, akajikwaa kizingitini, akasema hiyo ndiyo kazi ya mwisho anayoifanya hapa nyumbani, akaenda zake.

Jina la Mshauri alipewa na majirani, naye hakuwahi kulikataa. Shambani alikuwa na mazoea ya kuegemea jembe na kueleza namna kazi inavyotakiwa kufanywa, huku Mama Pacha akiifanya. Alieleza vizuri. Alijua nafasi ya kuacha kati ya mche na mche, alijua upande ambao maji hupenda kwenda, alijua hata wakati ambao mkulima anapaswa kupumzika, na hilo la mwisho alilionyesha kwa vitendo. "Nyumba hii kila mtu ana kifaa chake," alikuwa akisema mwenyewe. "Mke wangu jembe, mimi mdomo."

Aliondoka kwa sababu shamba lilikuwa limekataa kutosha. Babu yake alililima lote. Baba yake alipata nusu. Yeye na ndugu zake waliigawana ile nusu mpaka kila mmoja akabaki na kipande ambacho mtu akisimama katikati na kupiga chafya, majirani wa pande zote humpa pole. Pacha walikuwa wanakua, shule ilikuwa inadai, na nyanya hazikuwa na haraka ya kuiva kwa ajili ya shule.

Mpango ulikuwa kwamba mshahara wa dobi ungeliinua shamba. Ikawa hivi: mshahara ulipofika nyumbani ulinunua mbolea na dawa ya nyanya, na shamba likishapata nguvu lilituma mjini unga, maharage na vitunguu ili Mshauri asilale njaa kwa mshahara ule ule. Siku moja, akiwa kwenye foleni ya choo cha nyumba aliyopanga, Mshauri alilitafakari jambo hilo akaona kwamba yeye na shamba lake ni kama walevi wawili wanaosindikizana kurudi nyumbani, kila mmoja akiamini kwamba ndiye anayemshika mwenzake. Alicheka peke yake mpaka aliyekuwa mbele yake akamwachia nafasi apite.

Shamba lao lilikuwa mkiani mwa mfereji. Maji yalianza kwa wenye mashamba ya juu, yakashuka kwa wa katikati, na yalipofika kwa Mama Pacha yalikuwa yamechoka. Zamu za maji zilipangwa na kikao cha mfereji, kilichokutana kila Alhamisi katika ghala la zamani, chumba chenye viti vya mbao, meza moja ndefu, na madirisha ya nondo yasiyo na vioo. Kila kaya ilikuwa na kiti kimoja. Kiti kilikuwa cha mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya alikuwa mwanamume, na jambo hilo halikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona haja ya kuliandika.

Jua lilipoanza kuwa kali, Mama Pacha alinawa udongo mikononi akaenda kikaoni mwenyewe. Mwenyekiti wa mfereji alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kumpandishia yeyote sauti. Alisimama kumpokea.

"Karibu, mama."

"Asante. Nimekuja badala ya Baba Pacha. Yuko mjini kazini."

"Kazi njema kwake. Akirudi mwambie kiti chake kipo."

"Akirudi nyanya zitakuwa zimekufa, Mwenyekiti. Naomba zamu ya asubuhi, hata maji kidogo."

"Tunakuelewa kabisa, mama. Ila hiki ni kikao cha wakuu wa kaya. Tukivunja utaratibu leo, kesho atakuja nani?"

"Kesho nitakuja tena mimi."

Wajumbe walicheka, si kwa ubaya, na mmoja wao akavuta kiti chake pembeni ili Mama Pacha aufikie mlango bila taabu. Wiki hiyo zamu ya kaya yake ilipewa kaya iliyokuwa na mtu kitini. Majani ya nyanya yakaanza kujikunja kama mikono ya mtu anayesikia baridi.

Alhamisi iliyofuata Mama Pacha alikuwa akiosha vikombe wakati koti liliposhuka kutoka kwenye msumari. Mwanzoni alidhani limeanguka. Lilikuwa halijaanguka. Lilijikung'uta vumbi mabegani, likapitisha mkono kwenye vifungo vyake kimoja kimoja, likatoka nje. Lilikwenda kwa kimo kile kile cha mabega ya Mshauri, na kwa mwendo wake ule ule, mikono nyuma, taratibu, likisimama kwenye kila shamba kutazama watu wanavyofanya kazi. Mama Pacha aliviacha vikombe, akajifunga kitambaa kichwani, akalifuata. Alidhani linakwenda kilabuni.

Halikwenda kilabuni. Lilikwenda moja kwa moja ghalani, likaingia, likakaa kwenye kiti cha Mshauri, likaweka mikono mezani. Mwenyekiti aliyekuwa akihesabu wajumbe kwa kidole alipolifikia alisimamisha kidole kidogo, kisha akaendelea.

"Kaya ya mkiani ipo leo," alisema. "Vizuri. Tulianza kupata wasiwasi."

Koti lilikohoa. Kilikuwa kikohozi cha Mshauri, kile cha mtu anayetaka kuonekana kwamba anafikiri. Wajumbe waliokaa jirani walisogea kulipa nafasi, na kikao kikaanza.

Mama Pacha alizunguka nyuma ya ghala, akasimama kwenye dirisha lililokuwa mgongoni mwa kiti hicho. Aliwasikia wakizungumza juu ya magugu ya mferejini, kisha juu ya mbuzi wa mtu, kisha juu ya mbuzi huyo huyo kwa mara nyingine. Walipofika kwenye zamu, Mwenyekiti aliuliza kama yupo mwenye neno. Koti lilikohoa lakini halikusema kitu. Basi Mama Pacha akaweka mdomo kwenye nondo.

"Kaya ya mkiani haijapata maji tangu mwezi uanze," alisema. "Mkifungua lango la juu nusu, badala ya lote, wa juu watapata na wa chini watapata. Sasa hivi maji ya ziada yanaishia barabarani, yananywesha matairi."

Mwenyekiti alilitazama koti kwa makini.

"Hoja nzuri," alisema. "Mshauri siku zote alikuwa na maneno mengi, lakini koti lake leo limesema la maana."

"Na limesema kwa kifupi," akaongeza katibu.

Wakakubaliana kufungua lango nusu. Kaya ya mkiani ikapewa zamu ya asubuhi. Koti lilitikisa kola kuonyesha kwamba limeridhika, na kikao kilipofungwa lilibaki kupiga soga na wenzake nje ya mlango, mikono mifukoni, wakati Mama Pacha akikimbia shambani kufungua maji.

Jioni hiyo alimpigia mumewe simu.

"Koti lako limeanza kwenda kikaoni," alimwambia.

"Linapata pa kukaa?"

"Limepewa kiti chako."

Mshauri alifikiri. "Linafanya nini huko?"

"Linakohoa. Kisha linatazama dari."

"Basi ni mimi huyo," alisema Mshauri. "Nilikuwa na hofu kwamba umepata mwanamume mwingine."

"Nyanya zimenyanyua vichwa."

"Mungu mkubwa. Lipe pole na kazi."

"Pole na kazi," alisema Mama Pacha, lakini hakusema anampa nani.

Dobi ambako Mshauri alifanya kazi ilikuwa chini ya jengo refu, katika chumba ambacho mvuke ulikaa kama mpangaji mwenzao. Suruali zilining'inia upande mmoja, makoti upande mwingine, kila moja na kitambaa cha namba kilichobanwa kolani kwa pini. Mshauri alipiga pasi makoti tu. Alikuwa ameingia kama mtu wa kubeba mabunda, lakini siku moja alimweleza mpiga pasi wa zamani namna bora ya kupiga pasi bega, na mpiga pasi huyo akamkabidhi pasi akaenda kula. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha ya Mshauri kwa ushauri wake kumletea kazi, na alikiri kwamba ilimuuma.

Alimweleza habari ya koti mama mmoja mwenye miwani aliyekaa pembeni akishona vifungo. Watu walimwita Fundi Vifungo.

"Hilo ni jambo la kawaida," alisema Fundi Vifungo bila kuinua macho. "Hapo juu, maofisini, nimeshona vifungo miaka yote. Bosi analitundika koti kwenye mgongo wa kiti saa mbili asubuhi, anaondoka. Ukiuliza unaambiwa yupo, koti si hilo? Mwanzoni makoti yalikuwa yanakaa tu. Siku hizi yanapokea wageni. Lipo moja la kijivu huko juu limepandishwa cheo."

"Na linafanya kazi?"

"Kuliko mwenyewe. Halina jamaa wa kuwapa ajira."

Mshauri aliyatazama makoti yaliyopangwa kwenye bomba, mabega yote yakiwa yameelekea upande mmoja. Aliona aibu kidogo kuwa ndiye pekee humo ndani anayetoka jasho.

Kule nyumbani mambo yalienda. Jirani wa Mama Pacha, ambaye mumewe alikuwa akiendesha greda kwenye barabara ya mbali, aliona maji yakipita mbele ya shamba lake kwenda kwa Mama Pacha, akauliza siri. Aliporudi nyumbani aliikuta kofia ya mumewe imeshatoka kwenye tendegu la kitanda na inamsubiri mlangoni. Baadaye likaja koti la mvua la mtu aliyekuwa akilinda duka mjini. Likafuatwa na jozi ya buti za mpira za mtu aliyekwenda kuponda mawe machimboni, ambazo zilikaa kitini zikiwa zimekunjana, moja juu ya nyingine, kama miguu ya mtu mwenye nafasi yake. Kila kiti cha namna hiyo kilikuwa na dirisha nyuma yake, na kila dirisha lilikuwa na mwanamke. Madirisha yalikuwa yakitosha kwa wakati huo.

Wajumbe wenye miili walikiri kwamba vikao vimekuwa vizuri. Vilianza kwa wakati. Habari za mbuzi zilikwisha. Buti za mpira zilitoa hoja ya kuzibua mfereji kabla ya msimu badala ya baada, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, na Mwenyekiti akasema hadharani kwamba angependa buti nyingi zaidi za aina hiyo. Koti la Mshauri nalo likachaguliwa kusimamia lango la juu. Siku hiyo pacha walilipigia makofi likiingia nyumbani. Lilipita kama halikuwaona, likapanda msumarini, na Mama Pacha akaenda kulifungua lango la juu, kisha akarudi kulifunga.

Mshauri alipata likizo nyanya zilipokuwa nyekundu. Alifika mchana na mfuko wa sabuni za vipande ambazo dobi ilizitupa, akawakumbatia pacha, akamsalimia mkewe, kisha akasimama nyuma ya mlango mbele ya koti. Hawakuwa wameonana kwa muda mrefu. Koti lilikuwa limenenepa kidogo, au basi yeye alikuwa amekonda. Alijaribu kulivaa. Lilimruhusu, lakini lilimpwaya mabegani kama nguo ya kuazima, na alipotaka kukaa nalo kwenye kigoda likakataa kukunjika.

"Limezoea viti vyenye mgongo," alieleza Mama Pacha.

Mshauri alilirudisha msumarini. Aliyatembelea mashamba jioni ile kwa shati tu. Watu walimsalimia vizuri, wakamuuliza habari za mjini, kisha wakamuuliza habari za koti. Mtu mmoja alimwomba alifikishie koti salamu. Alipofika kwenye matuta yake alimkuta mkewe akipakia nyanya kwenye makreti, mgongo umeinama, nyayo zimepasuka kwa matope yaliyokauka. Alitaka kumwambia kwamba nyanya za chini zisipakiwe na za juu. Aliona ameshazitenga. Akashika kreti.

Alikuwa bado ameishika aliposema, "Kesho nitakwenda kikaoni mwenyewe."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba anayelima hapa ni wewe."

"Wanajua."

"Basi nitawaambia kwamba na mimi najua."

Mama Pacha aliweka nyanya moja pembeni, ilikuwa imepasuka. "Sikukatazi," alisema. "Ila usiniharibie dirisha langu."

Kesho yake koti lilitoka kwanza, kwa mwendo wake wa kawaida, na Mshauri akafuata hatua chache nyuma. Ghalani wajumbe walikuwa wamekaa: watu wenye miili kuizunguka meza, na kati yao kofia, koti la mvua, buti, na sasa hata mkanda mmoja wa suruali uliokaa umejiviringisha. Koti lilichukua kiti. Mshauri alitafuta pa kukaa.

"Karibu, Mshauri," alisema Mwenyekiti kwa furaha ya kweli. "Umetulia mjini? Chukua benchi la wageni hapo mlangoni."

"Mwenyekiti, mimi si mgeni. Ile ni kaya yangu."

"Kabisa. Na ina mwakilishi. Kaya moja haiwezi kukaa kwenye viti viwili, wengine watalalamika."

"Yule mwakilishi ni koti langu."

"Ndiyo maana tumelipa kiti chako," alisema Mwenyekiti, naye hakuwa anatania.

Mshauri alikaa kwenye benchi la wageni. Aliwasikiliza kwa muda. Aliisikia sauti ya mkewe ikitoka nyuma ya koti, ikieleza habari ya ufa kwenye kingo za lango, na akaona watu wakiitikia kwa vichwa na kulitazama koti. Hakuwahi kumsikia akizungumza hivyo. Nyumbani yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akizungumza. Ilimjia kwamba ameishi na mtu huyo miaka yote bila kuijua sauti yake ya kikaoni, na kwamba kama angebaki nyumbani akiegemea jembe, asingeijua mpaka anazikwa. Akainua mkono, akapewa ruhusa ya mgeni.

"Ndugu wajumbe," alisema. "Mnanifahamu. Mnajua kwa nini naitwa Mshauri. Nimekaa kwenye kiti kile miaka, nikatoa ushauri, na mkiukumbuka hata mmoja nitawanunulia soda." Watu walicheka. "Maneno mnayoyasikia ni ya mke wangu. Maji anayafungua yeye. Lango analilinda yeye. Koti lile ukilitikisa linatoka vumbi tu, nalifahamu, vumbi lenyewe ni langu. Naomba Mama Pacha aingie ndani akae kwenye kiti. Na hao wengine madirishani pia."

Hakuna aliyekasirika. Mwenyekiti alisema maneno ya mgeni yamepokelewa kwa heshima, na kwa kuwa yanagusa utaratibu, yatapigiwa kura. Aliuliza wanaokubali. Katibu aliinua mkono wake, akautazama, akaushusha akajikuna sikio. Mwalimu mmoja mstaafu aliuinua wake na hakuushusha. Alikuwa peke yake.

Akauliza wanaokataa. Mikono ya watu iliinuka. Kofia ikajiinua juu ya kiti kwa kiasi cha kichwa. Buti moja ilinyanyuka. Mkanda ukajinyoosha. Koti la mvua likainua mkono unaochuruzika, ingawa nje kulikuwa kukavu.

Kisha koti la Mshauri likainua mkono. Liliuinua juu kuliko wote, bila kusitasita, kwa nguvu, mpaka mshono wa kwapani ukaachia. Sauti ya uzi ukikatika ilisikika chumba kizima.

Mshauri aliutazama mkono ule. Aliufahamu mkunjo wa kiwiko chake. Kiwiko chake mwenyewe ndicho kilichouweka. Hakuna kitu ambacho koti lile lilikijua ambacho halikujifunza mwilini mwake. Alitaka kulichukia akashindwa, kwa kuwa angelazimika kuanzia mbali zaidi. Alitazama dirishani. Uso wa mkewe ulikuwa pale kati ya nondo, umetulia, macho yake yakiwa kwenye ule mshono uliofumuka.

"Hoja imeanguka," alisema Mwenyekiti. "Lakini nisieleweke vibaya. Madirisha yabaki wazi. Hili koti na wenzake, nimeona, hufikiri vizuri zaidi kukiwa na hewa nyuma." Wajumbe wakaitikia. "Sasa, huo ufa wa lango. Koti lilikuwa linasema tuuzibe kwa kitu gani?"

"Kwa mawe madogo na udongo wa mfinyanzi," alisema Mama Pacha.

"Liandikwe hivyo," alisema Mwenyekiti.

Walirudi nyumbani watatu. Koti lilitangulia, mkono mmoja ukining'inia. Lilipofika halikupanda msumarini, lilijilaza mezani lenyewe, kama mgonjwa anayejua kitanda chake. Mama Pacha alitafuta sindano kwenye mkebe, akakaa karibu na mlango penye mwanga, akalivuta koti mapajani.

Mshauri alisimama akimtazama anavyoitia uzi.

"Ningekuwa wewe ningelichoma," alisema.

"Na Alhamisi atakwenda nani? Wewe unarudi mjini Jumatatu."

"Naweza kuacha kazi."

"Kisha tule nini?"

Mshauri alikwenda jikoni, akachagua makaa yaliyoshika vizuri, akayatia kwenye pasi, akaipepea. Alirudi nayo, akatandika blanketi mezani, akanyunyiza maji kwa vidole.

"Mjini napiga pasi makoti ya wakubwa," alisema. "Nimekuja kupumzika, nimekuta na hapa kuna mkubwa."

Mama Pacha alicheka. Lilikuwa cheko fupi, la puani, lakini Mshauri alilipokea kama mshahara. Waliendelea hivyo, yeye akishona kwapa, mumewe akisubiri zamu yake na pasi mkononi. Pacha walikuwa nje wakigombania sabuni za vipande. Maji yalisikika yakipita mferejini, nusu lango, sawasawa na ilivyokubaliwa.

Mama Pacha alipofika mwisho wa mshono alilishika koti kwenye kola akalisimamisha.

"Inua," aliliambia.

Koti likainua mkono. Mshono ulishika.

"Shusha."

Likashusha.

"Nyumbani linanisikia vizuri tu," alisema Mama Pacha.

"Hata mimi nyumbani nilikuwa nakusikia," alisema Mshauri.

"Ndiyo," alisema mkewe. "Nyumbani."

Akainama, akaukata uzi kwa meno, akampa koti alipige pasi.